Nani aliiangusha nasaba ya Ming? Swali la 1644 linaulizwa vibaya

Mwishoni mwa 2025, mwaka mmoja wa kale uliwasha moto kwenye mitandao ya kijamii ya China: 1644. Ndio mwaka nasaba ya Ming ilipopoteza Beijing, Kaisari wake Chongzhen akajitundika mtini, na Wamanchu wakashuka kutoka kaskazini mashariki kusimika nasaba ya Qing iliyotawala hadi 1912. Vijana wengi waliandika kwamba pale ndipo ustaarabu wa China ulipokatwa, na kwamba unyonge wote uliofuata, hadi fedheha za karne ya 19, ni mzigo walioachiwa na wageni wale. Sauti zilizo karibu na serikali zikawakemea. Miaka miwili kabla, Oktoba 2023, toleo jipya la kitabu cha historia kuhusu Chongzhen huyohuyo liliondolewa madukani muda mfupi baada ya kutoka. Mchapishaji alitaja matatizo ya uchapaji. Wasomaji wengi waliamini sababu ni nyingine, kwa kuwa jalada lake lilimzungumzia mtawala mchapakazi anayekosea hatua baada ya hatua hadi nchi inamponyoka.

Huku kwetu habari hizi zimezaa maelezo mawili ninayoyasikia kila mara. La kwanza: Wachina ni watu wa utii, Confucius aliwafundisha kunyamaza mbele ya mkuu, ndiyo maana dola lao lilidumu miaka elfu mbili, na ndiyo maana leo wanajenga reli wakati sisi tunabishana. La pili ni kinyume chake: Wachina wanaamini Mbingu humpa mtu utawala na Mbingu humpokonya, nasaba huzaliwa na kufa kwa zamu, basi tusubiri tu, gurudumu litageuka kama lilivyogeuka kwa Ming. Naona yote mawili yanapotosha, na yanatunyima somo zito kuliko hayo. Fikra za kisiasa za China hazikukosa kamwe sauti ya kumpinga mtawala. Walikuwa nayo, kali kuliko wengi wetu tunavyodhani. Walichokosa ni chombo cha kumlazimisha mtawala asikie. Kati ya waraka wa kumsihi na panga la kumwondoa hapakuwa na kitu, na Ming ilifia katika pengo hilo.

Tuanze na neno lenyewe, maana upotoshaji huanzia hapo. Kiasi cha mwaka 1046 KK, watu wa Zhou kutoka magharibi waliipiga nasaba ya Shang wakachukua nchi. Walikabiliwa na swali linalomkabili kila aliyetwaa madaraka kwa nguvu: kama Shang walitawala kwa baraka za mababu, ninyi ni nani hata muwaondoe? Jibu lao lilikuwa tianming, agizo la Mbingu. Mbingu iliwapa Shang utawala, Shang wakawatesa watu, Mbingu ikawapokonya. Wengi hulitafsiri "Mamlaka ya Mbingu", na kwa tafsiri hiyo linasikika kama hati ya kumiliki shamba. Mimi naona neno letu la amana linakaribia zaidi. Amana si mali yako. Umekabidhiwa, na mwenyewe anaweza kuidai siku yoyote. Utenzi mmoja wa zama za Zhou unasema waziwazi kwamba agizo la Mbingu si la kudumu, na katika maneno ya kale ambayo Mencius, mwanafalsafa wa mkondo wa Confucius, aliyanukuu karne ya 4 KK imo kauli hii: Mbingu huona kama watu wangu waonavyo, husikia kama watu wangu wasikiavyo. Jamii iliyolelewa kunyamaza haiandiki maneno kama hayo, wala haiyakaririshi kwa watoto wake vizazi na vizazi.

Confucius naye amesingiziwa mengi. Sisi tuna methali ya kumwonya mdogo, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wengi wetu tunadhani Confucius ni methali hiyo iliyorefushwa ikawa kitabu. Lakini mwanafunzi wake Zilu alipomuuliza namna ya kumtumikia mtawala, alimjibu: usimdanganye, ila mpinge usoni. Alipoulizwa kama kuna kauli moja inayoweza kuiangamiza nchi, alimtaja mtawala anayefurahia kwamba hakuna anayempinga. Huyo akisema baya na asipingwe, nchi imekaribia kupotea. Mencius alikwenda mbali zaidi. Alisema watu ndio wenye thamani kuliko wote, kisha madhabahu za nchi, na mtawala ndiye mwepesi kabisa. Alipoulizwa kama ilikuwa halali kumuua mfalme wa mwisho wa Shang, alijibu kwamba amesikia kuuawa kwa mtu mmoja mwovu, hajasikia kuuawa kwa mfalme.

Mtu aliyeielewa hatari ya maneno hayo kuliko wote alikuwa mwanzilishi wa Ming mwenyewe. Zhu Yuanzhang alizaliwa 1328 katika familia ya wakulima mafukara. Mwaka 1344 njaa na maradhi viliwaua baba yake, mama yake na kaka yake mkubwa ndani ya mwezi mmoja. Akakimbilia hekalu la Kibuddha, akawa mtawa wa kuombaomba. 1352 akajiunga na waasi wa Vilemba Vyekundu, na 1368 akatangaza nasaba mpya. Hakuna aliyejua kama yeye kwamba amana hudaiwa, maana ndiye aliyeidai. Basi akaifunga njia aliyopitia. Mwaka 1380 alimuua waziri mkuu wake, Hu Weiyong, kwa tuhuma za uhaini, kisha akakifuta kabisa cheo cha waziri mkuu, kilichokuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu moja, akaacha wosia kwamba yeyote atakayependekeza kirudishwe auawe. Mwaka 1394 akaamuru kitabu cha Mencius kipunguzwe: vifungu 85 vikatolewa, kile cha mtawala mwepesi kikiwemo, na watahini wakakatazwa kutunga maswali kutoka humo. Hazikupita hata miaka 20 maandishi kamili yakarudi. Cheo cha waziri mkuu hakikurudi hadi siku Ming inaanguka. Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo fundo la makala hii lilipo. Wazo lilikatwa likachipua tena. Chombo kilipokatwa, kilikufa.

Sauti hazikunyamaza hata baada ya hapo. Mwaka 1524, Kaisari Jiajing alipotaka baba yake mzazi, ambaye hakuwahi kutawala, apewe heshima za Kaisari, maafisa zaidi ya 200 walipiga magoti nje ya lango la kasri na kulia kwa sauti wakipinga. Jiajing akaamuru wachapwe bakora hadharani. Zaidi ya kumi walikufa kwa kipigo. Miaka 40 na ushee baadaye, Kaisari huyohuyo akiwa amejifungia kwenye bustani za magharibi mwa kasri, akitafuta dawa ya kuishi milele na hahudhurii tena baraza, afisa mmoja wa cheo cha kati aitwaye Hai Rui alimwandikia waraka. Ilikuwa 1566. Alimwambia kwamba watu wanalichezea jina la utawala wake na kusema maana yake ni nyumba zote kufagiliwa zikabaki tupu. Jiajing aliutupa waraka chini, akapaza sauti: mkamateni, asikimbie! Towashi mmoja aliyekuwa karibu, Huang Jin, akamwambia kwa upole kwamba huyo hatakimbia. Amekwisha kununua jeneza, ameagana na mke na watoto, na watumishi wake wote wametoroka kwa hofu. Kaisari alinyamaza. Akauokota waraka, akausoma tena, na siku hiyo aliurudia mara kadhaa. Hai Rui alitupwa gerezani, akatoka akiwa hai kwa sababu moja tu: Jiajing alikufa mapema 1567 kabla ya hukumu kutekelezwa.

Wapo watakaosema kisa hiki kinathibitisha kwamba mfumo ulifanya kazi, maana mtu alisema na hakuuawa. Watamtaja pia Taizong wa nasaba ya Tang na mshauri wake Wei Zheng, aliyembishia mara nyingi kiasi kwamba alipofariki mwaka 643 Taizong alilia na kusema amepoteza kioo cha kujitazamia. Ni kweli, na ni visa vya kuheshimiwa. Lakini tumalizie hadithi. Muda mfupi baada ya mazishi Taizong alimshuku marehemu, akaamuru nguzo ya kumbukumbu kaburini pake iangushwe. Mwaka 645 alipoivamia Goguryeo, dola ya Korea ya kale, akashindwa na askari wake wakafa kwa baridi njiani, alikumbuka, akasema lau Wei Zheng angekuwepo asingemwacha aende vita hivyo, akaagiza nguzo isimamishwe tena. Nguzo ikasimama, ikaanguka, ikasimama, na kilichoipandisha na kuishusha ni moyo wa mtu mmoja. Kama ili ukweli ufike kwa mkuu ni lazima kwanza mtu anunue jeneza, basi nchi inaishi kwa bahati. Wapo watu wachache wa aina ya Hai Rui katika kila kizazi, nao hawatoshi kuendesha dola.

Sasa twende kwenye karne iliyoiua Ming, na tuitazame kwa karibu, kwa sababu watetezi wa "mzunguko" hupenda kuirukia juujuu. Mwaka 1562 mkaguzi aitwaye Lin Run alimweleza Kaisari hesabu isiyohitaji elimu kubwa kuielewa. Nafaka iliyopelekwa Beijing kila mwaka ilikuwa shi milioni 4, wakati posho za nafaka zilizotakiwa kulipwa kwa wana wa ukoo wa kifalme waliotawanyika majimboni zilifika shi milioni 8.53. Shi moja ni kipimo cha gunia zima. Yaani kuulisha ukoo wa Zhu Yuanzhang kulihitaji mara mbili ya nafaka iliyoulisha mji mkuu pamoja na majeshi yake. Waraka ulifika, ukasomwa, ukahifadhiwa hadi leo tunaunukuu. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumlazimisha Kaisari awaguse ndugu zake. Baadaye Kaisari Wanli alisusia baraza kwa miongo, akiwa amekasirishwa na mawaziri waliomkatalia kumrithisha mwanawe kipenzi. Nafasi za kazi zikabaki wazi mwaka hadi mwaka. Mwana huyo, Zhu Changxun, akafidiwa kwa mashamba makubwa kule Luoyang. Waasi walimkamata na kumuua huko mwaka 1641, mjini kumezungukwa na njaa.

Kodi ya nyongeza ya vita dhidi ya Wamanchu kule Liaodong, kaskazini mashariki, ilianza 1618, ikapandishwa tena na tena. Mwaka 1637 ikaongezwa nyingine ya kuwapiga waasi, 1639 nyingine ya kufunza askari. Zote zilimwangukia mkulima mwenye kishamba, kwa kuwa wenye mashamba makubwa walikuwa na misamaha au walijua kujificha. Mwaka 1629, ili kubana matumizi, serikali ilipunguza vituo vya matarishi waliobeba barua na kuhudumia wasafiri wa serikali. Miongoni mwa waliopoteza riziki kule Shaanxi alikuwa tarishi mmoja, Li Zicheng. Miaka 15 baadaye tarishi huyo aliingia Beijing juu ya farasi.

Mwaka huohuo wa 1629, afisa aitwaye Ma Maocai, mzaliwa wa eneo la Yan'an huko Shaanxi, aliandika waraka ambao siwezi kuusoma bila kusimama njiani. Anasema mwaka mzima mvua haikunyesha. Mwezi wa nane na wa tisa watu walichuma majani machungu ya milimani. Mbegu zake ni kama maganda, na ukila unachelewesha kifo tu. Mwezi wa kumi majani yakaisha, wakabandua magome ya miti. Mwisho wa mwaka magome nayo yakaisha, wakachimba mawe laini milimani wakayala. Ukila kidogo unashiba, baada ya siku chache tumbo linavimba unakufa. Wale waliokataa kufa kwa mawe wakageuka wanyang'anyi, na walipokamatwa walisema: kufa kwa njaa na kufa kwa wizi ni kifo kilekile; kuliko kukaa nife njaa, heri niibe nife nimeshiba. Soma hayo, kisha rudi nyuma miaka 1,800. Mwaka 209 KK vibarua wa kijeshi 900 walikwamishwa na mvua kubwa mahali paitwapo Dazexiang wakielekea mpakani, na mwanahistoria Sima Qian ameandika kwamba sheria ya nasaba ya Qin iliadhibu kuchelewa kwa kifo. Viongozi wao, Chen Sheng na Wu Guang, walipiga hesabu: tukitoroka tunakufa, tukiasi tunakufa, basi liwalo na liwe. Chen Sheng akauliza kama wafalme na majenerali huzaliwa kwa mbegu ya pekee. Ndani ya miaka mitatu Qin ilikuwa imekwisha. Mkulima wa Yan'an na kibarua wa Dazexiang hawakujuana, lakini walifikia hesabu ileile. Serikali iliyofanya gharama ya kutii ilingane na gharama ya kuasi haina haja ya kutafuta sababu zaidi mbinguni.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, na ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa zaidi, ni ile ya Kaisari mwema aliyedanganywa. Chongzhen mwenyewe ndiye mwanzilishi wake. Historia rasmi ya Ming inasimulia kwamba aliacha maneno ya kuwalaumu mawaziri kwamba wamempotosha. Ni kweli hakuwa mvivu. Alipoingia madarakani 1627 akiwa kijana wa miaka 16, alimwangusha towashi Wei Zhongxian aliyekuwa amewatesa na kuwaua wakosoaji wa serikali, na kwa miaka 17 alifanya kazi hadi usiku. Lakini hakudanganywa kuhusu njaa, maana waraka wa Ma Maocai ulimfikia. Hakudanganywa kuhusu hazina. Alichofanya ni kumfundisha kila aliyemzunguka kwamba kutoa ushauri ni hatari. Alibadilisha mawaziri wa baraza lake kuu wapatao 50. Mwaka 1630 alimuua kwa mateso jemadari Yuan Chonghuan, aliyekuwa akiulinda mpaka wa Wamanchu. Mwaka 1642 Waziri wa Vita Chen Xinjia alifanya mazungumzo ya siri ya amani na Wamanchu kwa idhini ya Kaisari mwenyewe. Siri ilipovuja na maafisa wakapiga kelele, Kaisari alimtosa, akamuua.

Matokeo yake yalionekana miaka miwili baadaye. Mapema 1644, waasi wakikaribia, njia ya kuokoa nasaba ilikuwa wazi: kuhamia Nanjing, mji mkuu wa pili wenye serikali kamili. Kaisari alitaka. Afisa Li Mingrui alimshauri hivyo. Lakini Kaisari alitaka mawaziri wakubwa walitamke wao ili lawama isiwe yake, na mawaziri walikuwa wamejifunza kwa Chen Xinjia bei ya kutamka jambo ambalo mkuu analitaka moyoni. Wakanyamaza. Siku zikapita. Alfajiri ya Aprili 25 kengele ya kuwaita maafisa barazani iligongwa. Hakuja hata mmoja. Akapanda kilima kilicho nyuma ya kasri na towashi mmoja, Wang Cheng'en. Ukisoma mpangilio wa matukio hayo utaona kwamba ule ukimya wa alfajiri ulitengenezwa kwa miaka 17, agizo baada ya agizo, na mtu yuleyule aliyeitikiwa na ukimya huo.

Hoja ya hali ya hewa ina nguvu zaidi na inastahili heshima. Karne ya 17 ilikuwa ya baridi kali duniani kote. Kaskazini mwa China ukame ulifuatana na nzige na maradhi, na mwaka 1643 ugonjwa uliua watu wengi ndani ya Beijing yenyewe. Mtu akisema bila ukame wa Shaanxi pasingekuwa na jeshi la Li Zicheng, sitambishia. Lakini baridi ile haikuondoka pamoja na Chongzhen. Iliendelea kwa miongo, na Qing waliijenga dola yao ndani yake. Kaisari Kangxi alitawala tangu 1661 hadi 1722, sehemu kubwa ya kipindi hicho ikiwa ya baridi, na mwaka 1712 akawa na ujasiri wa kuzuia kodi ya kichwa isipande tena. Ukame ulimfanya mkulima awe na njaa. Kumtoza kodi ya nyongeza akiwa anakula mawe lilikuwa agizo la binadamu, lenye tarehe na muhuri.

Na hii ndiyo sababu siwaungi mkono vijana wa mtandaoni wanaowatwisha Wamanchu mzigo wote. Uchungu wao nauelewa. Amri ya 1645 ya kuwalazimisha wanaume kunyoa mbele na kusuka mkia ilimwaga damu nyingi, na mauaji ya Yangzhou mwaka huohuo si jambo la kupambwa. Ila aliyeingia Beijing kwanza alikuwa tarishi wa Shaanxi. Dorgon na Wamanchu wake walipitia lango la Shanhaiguan baada ya jenerali wa Ming, Wu Sangui, kuungana nao dhidi ya Li Zicheng, na waliingia mjini mwezi Juni, Li akiwa amekwisha kutoroka baada ya siku kama 42. Walikuta nyumba ambayo ukuta wake ulikuwa umeangushwa kutoka ndani.

Kuna hoja nyingine ambayo baadhi ya rafiki zangu wapenda demokrasia huitaja kwa furaha: kwamba tianming na Mencius ni demokrasia ya Kichina iliyotangulia ya Wazungu. Natamani ingekuwa hivyo. Mencius aliwapa watu nafasi ya kuwa ushahidi, hakuwapa nafasi ya kuamua. Wakitulia, ni dalili kwamba Mbingu imeridhika. Wakiasi na wakashinda, ni dalili kwamba Mbingu imeondoka. Hakuna hatua katikati. Hakuna mahali pa kupeleka shauri kabla ya mawe kuliwa. Hukumu hutolewa mara moja kila baada ya karne mbili au tatu, kwa panga, na mamilioni hulipa kwa uhai wao, kisha aliyeshinda anakalia kiti kilekile chenye nguvu zilezile. Zhu Yuanzhang ndiye mfano: aliyekula njaa akawa Kaisari, akafuta cheo cha waziri mkuu. Wanaosubiri gurudumu ligeuke wanasahau kwamba likigeuka, mhimili unabaki palepale.

Mtu aliyeliona hili vizuri kuliko wote aliliona kwa macho ya yatima. Huang Zongxi alizaliwa 1610. Baba yake, Huang Zunsu, alikuwa afisa mkosoaji, akauawa gerezani 1626 chini ya Wei Zhongxian. Towashi huyo alipoanguka, Huang akiwa kijana wa miaka 18 alikwenda Beijing na sindano ya chuma ameificha mwilini, na walipokuwa wakihojiwa watesaji wa baba yake, aliichomoa akamchoma mmoja wao, Xu Xianchun, mbele ya mahakimu. Baadaye aliwapiga vita Wamanchu, akashindwa, akarudi kwao Zhejiang kuandika. Mwaka 1663 alikuwa amemaliza kitabu kifupi ambacho hakulilia ndani yake Kaisari mwema. Aliandika kwamba zamani watu wote walikuwa mwenyeji na mtawala mgeni, sasa mtawala amekuwa mwenyeji na watu wageni. Alisema utawala mbaya wa Ming ulianza siku waziri mkuu alipofutwa, akimaanisha 1380, na kwamba sheria njema hutangulia ndipo watu wema wapate kutawala. Kisha akapendekeza kile ninachokiita mlango wa tatu, kati ya waraka na panga. Shule ziwe mahali pa kupima jema na baya la serikali. Kila tarehe mosi ya mwezi Kaisari aende Chuo Kikuu cha mji mkuu pamoja na mawaziri wake, mkuu wa chuo akae ameelekea kusini akifundisha, Kaisari akae kwenye safu za wanafunzi, na penye kosa la serikali mkuu wa chuo aseme bila kuficha. Kuelekea kusini, katika desturi za China, ni mkao wa Kaisari. Kila msomaji wa zama zile aliielewa sentensi hiyo mara moja. Kitabu kilipita kimyakimya kwa zaidi ya karne mbili, hadi wanamageuzi kama Liang Qichao na Tan Sitong walipokichapa na kukisambaza kwa siri miaka ya 1890.

Ndiyo maana mjadala wa 1644 si wa watu wanaokumbuka mavazi ya kale, wala kitabu cha Oktoba 2023 si habari ya duka la vitabu. China mazungumzo ya historia yamekuwa uwanja wa siasa kwa muda mrefu. Tamthilia kuhusu Hai Rui, iliyoandikwa na mwanahistoria Wu Han na kuchezwa 1961, ilishambuliwa gazetini Novemba 1965, na shambulio hilo likawa pazia la kufungulia Mapinduzi ya Utamaduni; Wu Han alifia gerezani 1969. Anayeuliza Chongzhen alikosea wapi anauliza jambo lililo hai. Kwa hiyo tunapoitazama China ya leo, tuache kuhesabu dalili za Mbingu. Mafuriko, majengo yasiyokaliwa, majenerali walioondolewa, hayo hayatabiri lolote kwa yenyewe. Tutazame vyombo. Kikomo cha mihula miwili ya urais kilichoandikwa katika katiba ya 1982 kiliondolewa Machi 2018, na kwa mizani ya Huang Zongxi tukio hilo lina uzito kuliko uvumi wote wa afya ya fulani na ugomvi wa fulani.

Nasi huku tuna sababu ya kuisoma historia hii vizuri. Ming si mgeni kwetu; twiga wa Malindi alipelekwa China mwaka 1415, enzi za safari za Zheng He, jemadari wa meli za Ming, na Taasisi za Confucius zipo Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005 na cha Dar es Salaam tangu 2013. Vijana wetu wanajifunza Kichina kwa bidii, na nawaombea wakifikie kiwango cha kumsoma Ma Maocai kwa lugha yake. Mtu anayewaambia kwamba China iliendelea kwa kunyamaza anawanyima Hai Rui, anawanyima waliopiga magoti 1524, anawanyima Huang Zongxi na sindano yake. Na anampa mtawala wa hapa kwetu kisingizio ambacho hata Confucius hakumpa wa kwake.

Nilipofika Beijing niliingia Guozijian, hicho chuo cha kale cha mji mkuu. Katikati ya ua kuna jengo la mraba limezungukwa na dimbwi la duara, na madaraja manne ya mawe yanaingia ndani kutoka kila upande. Lilijengwa 1784, miaka 121 baada ya Huang kuweka kalamu chini. Mwaka uliofuata Kaisari Qianlong alikuja kulizindua. Yeye ndiye aliyefundisha, maafisa na wanafunzi wakisikiliza kwa magoti huko nje. Ukichungulia mlangoni unaona kiti chake kipo bado, kimoja tu chumbani, kimeelekea kusini.